Mzaha wa Ukumbi wa Bi Raudha

Asubuhi ya Jumatatu Shamimu aliamshwa na harufu ya udi, akajua kuna jambo. Mama yake, Bi Tabu, hakuwa mtu wa kufukiza udi ovyo. Nyumbani kwao Mbagala Kizuiani udi ulikuwa wa Idi, wa maulidi, na wa kumpokea mgeni mwenye jina lake. Jumatatu ni siku ya kufua na kugombania maji ya bomba. Udi wa nini?

"Amka, mke wa mtu," Bi Tabu alisema akiwa mlangoni. Uso wake ulikuwa umekunjuka kama mtu ambaye hajawahi kuumwa mgongo maishani mwake.

Shamimu akacheka. Wanja wa jana ulikuwa bado umemganda machoni, na masikioni alikuwa bado anasikia vigelegele vya ukumbini. "Mama nawe! Mchezo si uliisha jana?"

"Jitande uje sebuleni. Ba'mdogo wako anakusubiri."

Ba'mdogo Suleiman alikuwa amekaa kwenye kochi, kofia kichwani, mikono magotini, na hakuwa anacheka. Hapo ndipo moyo wa Shamimu ulipostuka. Jamani, Suleiman asiyecheka umemwona wapi? Mzee huyu amepiga dumbaki kwenye vikundi vya taarabu tangu ujana wake, na hata kwenye msiba wa kaka yake Kondo, baba yake Shamimu, alipata neno la kuwachekesha waliofiwa. Ndiye aliyemlea Shamimu tangu baba yake afariki. Ndiye aliyemshawishi Bi Tabu amruhusu binti yake kupanda jukwaani, kwa masharti mawili: bwana harusi wa mchezoni awe Muislamu, na yeye Suleiman mwenyewe awemo mchezoni, acheze kama baba wa bibi harusi, amwangalie mtoto kwa macho yake.

"Shikamoo, Ba'mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akakohoa. "Jana nilikosea jina."

"Nilisikia." Shamimu akatabasamu. "Ulisahau, ukanitaja mie badala ya Mwanahawa. Hakuna aliyejua, Ba'mdogo. Watu walishangilia tu."

"Waliojua walijua." Suleiman akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena. "Ustaadh aliyetufundisha maneno ya ndoa alituonya tangu mazoezi ya kwanza. Alisema, kwenye ile harusi ya mchezo tajeni majina ya uongo tu, msije mkaozana kweli. Na tulikuwa tunafanya hivyo. Mwanahawa binti Fulani, kwa Juma bin Fulani, basi. Lakini jana nilipokuona umekaa pale na shela, mwanangu, nikamwona kaka yangu. Umefanana naye hadi kidevu. Yule mpiga kinanda wenu alikuwa ametukaririsha, msiigize, semeni kama kweli. Basi ulimi ukasema kweli. Nimekuozesha Shamimu binti Kondo. Na mie ndiye walii wako, mwenye haki ya kukuozesha."

"Ulimi uliteleza."

"Uliteleza. Ila wa Twalib, bwana harusi wako wa mchezoni, haukuteleza. Aliitikia kwa jina lako, Nimekubali kumuoa Shamimu binti Kondo. Mahari akakupa msahafu alioununua mwenyewe, ukaupokea kwa mikono miwili. Kabla ya hapo umeulizwa umeridhia, umesema nimeridhia, huku unalia. Mashahidi ukumbi mzima. Niambie wewe kilichopungua."

"Ulikuwa mchezo!"

"Mambo matatu, Shamimu. Kweli yake ni kweli na mzaha wake ni kweli. Umesoma madrasa, unayajua. La kwanza lipi?"

La kwanza ni ndoa. Shamimu alilijua. Alilikariri akiwa na meno ya utoto, pamoja na watoto wenzake, kwa sauti ya kuimba, bila kufikiri kwamba siku moja litamgeukia yeye.

"Alfajiri nilikwenda kwa sheikh," Suleiman aliendelea. "Sheikh muungwana, hakunidanganya. Kasema wanavyuoni wamehitilafiana. Wapo wanaosema watu wa jukwaani wanasimulia tu, hiyo haipiti. Wapo wanaosema maadamu walii ni wa haki na jina ni la haki, imepita. Kasema, kwa tahadhari, kama hamtakani kijana atoe talaka, yaishe. Hujaguswa, huna eda, siku hiyohiyo uko huru."

"Alhamdulillahi! Basi Twalib aitoe!"

"Nimetoka kwake sasa hivi. Hajaniambia ndiyo."

"Na mie sitaki aseme ndiyo," Bi Tabu alidakia, akaweka chetezo chini. "Usinitumbulie macho. Unadhani sijui? Mtaa mzima unajua. Mpiga kinanda wa Kihaya anakutaka, na wewe unamtaka. Kasema atasilimu, nikasema sawa, dini ni moyo. Kasema ataleta posa. Iko wapi? Kila nikikuuliza unaniambia anasema tumalize mchezo kwanza. Mwanamume anayekutaka hakuweki foleni, mwanangu. Huyu Twalib alipewa nafasi moja tu, akaidaka."

Shamimu alisimama. Alichukua mtandio wake mweusi, akatoka bila kuaga. Mama yake hakumwita.

Huyo mpiga kinanda jina lake Theonest. Kwao Muleba, kazi yake ualimu wa muziki kwenye shule moja ya binafsi Gongo la Mboto, na maradhi yake Brodwei, ile michezo ya kuimba ya New York. Nasema maradhi kwa sababu sijui jina lingine. Alipokuwa chuo cha ualimu alifundishwa na bibi mmoja Mmarekani mweusi, Bi Anna, aliyekuwa mcheza dansi kwenye majumba ya maonyesho ya New York enzi za ujana wake. Bibi yule magoti yalikuwa yameshakufa, lakini akivaa viatu vyake vyenye vyuma kwenye soli akagonga sakafu ya bwalo, wanafunzi waliacha ugali ukapoa. Ndiye aliyemjaza Theonest habari za watu wale: wacheza dansi weusi walioshangiliwa ukumbini, kisha wakatolewa kwa mlango wa jikoni. Watoto wa mafundi cherehani waliokimbia mateso Ulaya, wakatunga nyimbo ambazo taifa zima lilizipiga mluzi. Wanawake walioimba bila kipaza sauti, na aliyekaa kiti cha nyuma kabisa akasikia hadi pumzi. Na ndiye aliyempa kanuni mbili ambazo Theonest alizishika kuliko katekisimu. Ya kwanza: kwenye mchezo wa kuimba, mtu huongea mpaka maneno yamshinde, ndipo anaimba, na wimbo ukimshinda ndipo anacheza. Ya pili: usiigize, ishi.

Kwa kanuni hizo Theonest alitunga mchezo wa Kiswahili, akakusanya vijana wa Mbagala waliojua kuimba, wa kwaya na wa kaswida pamoja, akakodi ukumbi wa harusi wa Bi Raudha kwa sababu hakukuwa na ukumbi mwingine wenye jukwaa. Shamimu alishauri mchezo uishie kwa msichana kuondoka. Theonest alikataa katakata. Wamarekani wa zamani, alisema, pazia halifungwi mpaka mtu aozwe.

Ndiye aliyetaka harusi, basi. Harusi akaipata.

Ukumbini Shamimu alimkuta peke yake, amepiga magoti anakunja nyaya. Maua ya plastiki ya jana yalikuwa bado ukutani, na viti bado vimefungwa utepe wa dhahabu, maana jioni ile kulikuwa na kicheni pati ya watu wengine. Theonest alipomwona aliruka kama mtoto.

"Shami! Njoo, njoo ukae. Sijalala, nakwambia. Ulimwona yule mama wa kiti cha nyuma? Muuza vitumbua! Alilia, Shami. Kitu hicho Bi Anna aliniambia nitakifukuzia maisha yangu yote, na jana nimekiona hapa, Mbagala!"

"Theo."

"Na mzee Suleiman! Alipotaja jina lako badala ya la mchezoni, nilidhani ameharibu. Halafu Twalib akaitikia kwa jina hilohilo, kwa sauti ile! Nywele zilinisimama. Hakuna mwigizaji anayeweza kuigiza vile. Nikasema hii ndiyo yenyewe. Nataka tuupeleke Mwenge, halafu..."

"Theo, wamesema nimeolewa."

Alikuwa ameshika waya mkononi. Aliendelea kuukunja mizunguko kadhaa kabla maneno hayajamfikia.

"Wamesema nini?"

Shamimu akamweleza. Alieleza yote, la jina, la walii, la msahafu, la mzaha kuwa kweli, la wanavyuoni kuhitilafiana. Alieleza bila kulia, kwa sababu alikuwa na hasira, na hasira hukausha macho. Theonest alisikiliza mdomo ukiwa wazi. Mwishoni akakaa kwenye kiti cha bwana harusi, kile kikubwa cha jukwaani, pengine bila hata kujua amekaa wapi.

"Haiwezekani. Shami, ilikuwa imeandikwa. Niliiandika mimi! Mtu hawezi kuolewa kwa maneno niliyoyaandika mimi."

"Maneno hukuyaandika wewe. Ulimwita ustaadh aje atufundishe ya kweli, ukasema hutaki harusi ya kwenye tamthilia. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Akauficha uso wake viganjani.

"Ulipoulizwa umeridhia," alisema kwa sauti ndogo, "ulinitazama mimi."

"Nilikutazama wewe."

"Niliona. Nikakosea noti. Kwenye wimbo wote nilikosea noti moja, na ni hapo."

"Nilikuwa nakujibu wewe, Theo. Ulisema tusiigize. Nikajiambia, leo naisema mbele za watu, mama yupo, Ba'mdogo yupo, naisema mara moja moyo utue. Nimeridhia. Nilidhani wewe unajua nimemridhia nani."

"Nilijua."

"Basi wa kujua ulikuwa wewe peke yako."

Wakatazamana, na kwa muda ule mfupi ilikuwa kama zamani, mazoezini, mmoja kwenye kinanda na mwenzake mbele ya kipaza sauti, wakingojana nani ataanza. Shamimu aliyapenda macho yale. Aliyapenda tangu siku ya kwanza Theonest alipomshushia ufunguo wa wimbo bila kuombwa, kwa kusikia tu kwamba koo lake limechoka. Nani mwingine duniani aliwahi kumsikiliza hivyo? Alitaka kumgusa shavu. Hakumgusa.

Hapo mlango wa ukumbi ukasukumwa.

Alikuwa Twalib, na mkononi alikuwa ameshika mfuko wa karatasi. Huyu kijana anauza vifaa vya umeme karibu na kituo cha Rangi Tatu. Sauti yake aliitoa kwenye kaswida, na kwa kawaida ni mtu wa maneno machache sana. Alipowaona wawili hao alisita, kisha akasalimia.

"Asalaam alaykum. Mwalimu, habari za saa hizi. Nimekuja kurudisha kanzu. Nimeifua."

Shamimu akaugeukia mfuko ule. "Kanzu gani?"

"Ile ya jana. Iliyoletwa ya kuazima ilichanika kwapani, Mwalimu akanipa hii wakati tunavaa."

"Ya nani?"

Twalib alimtazama Theonest. Theonest alitazama sakafu.

"Yangu," Theonest alisema. "Nilinunua Kariakoo. Ilikuwa ya siku ile. Yetu. Ilikuwa kwenye begi la kinanda, nikaona ya mchezo imechanika, watu wameshakaa..."

Lahaula! Mwanamume alikuwa na kanzu ya harusi yake, akamvalisha mwenzake kwa mikono yake, akamfungia hadi kifungo cha shingoni, kisha akaenda kukaa kwenye kinanda awapigie wimbo. Na alifanya hivyo ili mchezo usiharibike.

"Twalib," Shamimu alisema, "wewe mtoto wa madrasa. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ba'mdogo alipokosea, ungeweza kusema Mwanahawa."

"Ningeweza." Twalib aliweka mfuko kwenye kiti. "Sitakudanganya, Shamimu. Niliposikia jina lako nilibaki na pumzi moja tu. Nikasema moyoni, hili jambo sitapewa tena. Nakupenda tangu tulipokuwa tunasomea maulidi kwa Mzee Fakihi, na sikuwahi kusema kwa sababu nilikuona unamwangalia Mwalimu. Nikageuka nikamwangalia na mie. Alikuwa anafanya hivi." Akainua mkono, akauzungusha hewani, kama mwalimu wa kwaya anayedai zaidi. "Ananiashiria nitie moyo. Basi nikatia moyo. Nikatia na nia."

Theonest akafumba macho.

"Ulinidhulumu," Shamimu alisema.

"Inawezekana. Usiku kucha nimejiuliza hilo. Ndiyo maana nimekuja huku, sikuja tu kuleta kanzu. Nilijua mtakuwepo." Twalib alivuta pumzi. "Mwalimu, mie sitaki mke anayelilia mtu mwingine. Mzee Suleiman kaniuliza kuhusu talaka, nikamwambia nitamjibu nikishakuona wewe. Sasa nakuona. Niambie neno moja. Niambie leo unakwenda naye nyumbani kwao, unakaa mbele ya Mzee Suleiman na Bi Tabu, unasema namtaka huyu, nasilimu leo, posa yangu hii hapa. Leo, Mwalimu, si kesho. Ukisema hivyo namwacha hapahapa, nyie wawili mnasikia, na kanzu yako hii hapa imepigwa pasi."

Jamani, dunia ina watu! Shamimu alimtazama Twalib kama hajawahi kumwona. Kisha akamgeukia Theonest, na moyo wake wote ukaenda machoni. Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa umefunguliwa na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kuufungua, na kilichobaki ni mtu mmoja kusimama na kupita.

"Theo," alisema. "Simama."

Theonest alisimama. Wallahi alisimama.

"Mama yangu amekuja," alisema.

"Mama yako yuko Muleba."

"Amefika leo asubuhi. Nimemwacha kwangu Gongo la Mboto. Mtu alimpigia simu akamwambia nataka kubadili dini. Amesafiri na presha yake, Shami, miguu imevimba, na neno la kwanza alilonitamkia ni kwamba kama nitasilimu, nimzike kwanza. Ma Auleria hatishii, unajua? Mama yangu akisema amesema."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo naomba muda kidogo tu. Nimtulize mama. Nimrudishe nyumbani, nikae naye, nimweleze taratibu. Nikimaliza hilo..."

"Ukimaliza."

"Nikimaliza kwanza hilo, Shami, ninakuja. Nakuapia."

Kwanza. Neno lilelile. Tumalize kwanza mazoezi. Tumalize kwanza mchezo. Shamimu alilisikia kwa sauti ya mama yake, na harufu ya udi ikamrudia puani ingawa pale ukumbini hapakuwa na udi.

"Mama yangu naye ana presha," alisema. "Na mie nilikuwa tayari kuipandisha. Kwa ajili yako."

"Usinielewe vibaya. Nakupenda. Unajua nakupenda."

"Najua. Theo, umetuandikia watu wote maneno. Umemwandikia Ba'mdogo, umemwandikia Twalib, hata muuza maji wa mchezoni umempa wimbo wake. Mwenzangu, wewe huna hata sentensi moja? Sema tu, twende. Ni neno moja. Sikuombi uimbe."

Machozi yalikuwa yanamtiririka Theonest, na hakuyafuta. Shamimu alisubiri. Bi Anna alisema maneno yakimshinda mtu anaimba, na wimbo ukimshinda anacheza. Huyu maneno yalimshinda akasimama tu, mikono ikining'inia, kati ya viti vya watu wengine vilivyofungwa utepe.

Twalib alikohoa. Hakuonekana mtu aliyeshinda kitu. "Mie nitakuwa nje," alisema, akaanza kuondoka.

"Subiri," Shamimu alimwambia.

Alikwenda kwenye kiti, akauchukua ule mfuko. Kanzu ilikuwa imekunjwa vizuri, inanukia sabuni. Aliipapasa mara moja kifuani, mahali ambapo angeweza kuegemeza kichwa chake siku ambayo sasa haikuwa na tarehe. Kisha akamkabidhi Twalib.

"Chukua. Mwenyewe hana siku ya kuivaa."

"Shami!" Theonest aliita. "Shami, usifanye hivyo. Nipe wiki moja. Shami, huyu humpendi!"

Shamimu aligeuka. Kama ungemwona, usingesema amekasirika. Alikuwa amechoka tu, kama mwanamke aliyeshinda hospitali na mgonjwa asiyepona.

"Simpendi," alisema, na alijua Twalib anasikia. "Lakini jana alipoulizwa, alijibu."

Akatoka.

Nje jua lilikuwa kali na vumbi la Barabara ya Kilwa limetanda. Pikipiki ya Twalib ilikuwa imeegeshwa ukutani, na yeye alikuwa amesimama kando yake na mfuko kifuani, hajui auweke wapi.

"Sikulazimishi kupanda," alisema. "Naweza kukuitia bajaji. Na lile jingine, ukitaka nitamke sasa, nitatamka. Hata kama yeye hakusema."

Shamimu alifikiri. Kwa kweli alifikiri. Atamkiwe, awe huru, arudi nyumbani akae dirishani kumngoja mtu anayemaliza kwanza. Angemngoja mwezi, angemngoja mwaka, na angekuwa anamsikiliza kwenye kila kinanda kinacholia mtaani. Alijijua. Ndicho kilichomtisha kuliko ndoa.

"Usitamke," alisema.

"Una hakika?"

"Usiniulize tena, Twalib. Tafadhali. Nimeshaulizwa vya kutosha."

Twalib aliitikia kwa kichwa, akampa kofia yake ya pikipiki, yeye akabaki kichwa wazi. Alikuwa anatia ufunguo wakati kinanda kilipoanza kulia ndani ya ukumbi. Polepole kwanza, kidole kimoja, kisha mikono miwili. Ulikuwa wimbo wa harusi wa mwisho wa mchezo, ule ambao Theonest aliutunga usiku mmoja na kumpigia Shamimu kwenye simu mpaka bando likaisha, akimwambia huu ni wako, nimeandika kwa ufunguo wa sauti yako. Alikuwa ameushusha. Alikuwa ameushusha chini sana, pale ambapo koo lililojaa machozi lingeweza kuufikia, kama alivyomfanyia siku ile ya kwanza. Alikuwa anamngoja aanze.

Shamimu aliijua pumzi ya kuingilia. Kifua chake kiliivuta chenyewe, kwa mazoea. Akaishikilia mpaka mahali pa kuanza pakapita, kinanda kikazunguka kikarudi mwanzo kumngoja tena, na tena pakapita.

Twalib aliinua kichwa, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulichangamka kidogo.

"Huo si wimbo wetu?" aliuliza.

Shamimu alifunga mkanda wa kofia chini ya kidevu, kidevu cha baba yake.

"Ndio huo," alisema. "Twende nyumbani."